Tulilisikia Tu

Faki alisema poromoko lina urefu wa minazi miwili.
Mkewe, Mize, akasema: mnazi mmoja,
na huo umekatwa.
Tukacheka tangu Mtambile hadi lami ilipokwisha,
watu tisa, chupa mbili za chai,
mikate ya ufuta ndani ya kanga kuukuu,
na Shaame na viatu vyeupe alivyoletewa kutoka Maskati,
anakwepa kila kidimbwi kama paka.

Mbingu asubuhi ile ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Time peke yake alisita kizingitini.
Nyuma yake uwani majamvi manne,
karafuu za siku ya pili juani,
zimeanza kuacha uwekundu, zinashika hudhurungi.
"Na ukija mchoo?"
"Mchoo hauijui nyumba yako," tukamwambia,
tukamvuta mkono.

Mimi ndiye niliyemvuta.

Chini ya kilima wachumaji walikuwa juu mikarafuuni,
miguu tu inaonekana, na pakacha zinaning'inia.
"Mwendapi?"
"Kutazama maji."
Wakanyamaza. Kisha sauti ya kitoto ikashuka kutoka majanini:
"Si mngengoja? Maji yenyewe yanakuja."

Upepo ukapindua majani ya migomba, upande wa chini ukawa juu.
Mwalimu Asaa, aliyesomesha jografia miaka kumi na minane,
akatazama juu, akasema: wingu la kupita.
Likapita, ndiyo.
Lilipita juu yetu, polepole,
kama msafara wa harusi usiotaka kufika.

Udongo mwekundu ukageuka sabuni.
Riziki akaanguka, akacheka.
Akaanguka tena, hakucheka.
Shaame hakukwepa tena kitu;
viatu vya Maskati vikawa vya Pemba
kabla ya kona ya pili.

Ndipo tukalisikia.
Si mngurumo. Ni kama watu wengi
wanasoma dua nyumba ya pili
na wewe hukualikwa.
"Ni pale tu," Faki akasema, "nyuma ya michikichi ile."
Lakini mbele ya michikichi palikuwa na kijito,
na juu ya kijito palikuwa na gogo la kuvukia,
na sasa gogo hatulioni.
Maji rangi ya chai ya maziwa yanapita na makuti,
na dafu, na kandambili moja ya mtoto.
Tuliitazama ile kandambili mpaka ikapotea.
Hakuna aliyesema turudi.
Mize alimvua mumewe kofia, akaikamua,
akamvisha tena, akageuka.
Basi, shauri likawa limekwisha.

Time alikuwa ameshatangulia.
Simu ndani ya mfuko wa plastiki, ameinyanyua juu ya kichwa,
anatafuta mtandao kama anayetafuta mtu sokoni.
Hatukumfikia tena.
Wachumaji walijibanza chini ya mti, vifua wazi,
mashati wamefunika pakacha.

Uwani hapakuwa na jamvi hata moja.
Karafuu zilikuwa kitandani, kwenye makochi,
ndani ya beseni la kuogea, juu ya meza na mashairi ya televisheni
yanaendelea kusemwa bila msikilizaji.
Bi Chumu wa jirani, ambaye hawakusemezana
tangu mbuzi wake ale mihogo,
alikaa mlangoni, ameloa hadi ushungi.
"Tatu niliziwahi," akasema. "La nne lilinishinda."
Time akachota konzi kutoka lile la nne,
akanusa.
"Hizi zitakuwa mpeta."
Hakutuangalia. Akamkatia Bi Chumu mkate wa ufuta,
uliolowa nusu, akampa upande mkavu.

Siku tatu nilikwenda kugeuza karafuu zile,
na harufu yake ya kuchacha
haikutoka kwenye mkono huu, wa kulia,
kwa ndimu wala kwa jivu.

Ijumaa Faki akapita, suruali imekunjwa magotini.
Alikwenda peke yake.
"Umelifika?"
"Nimelifika."
"Urefu wake?"
Akatazama barabarani kama Mize yupo, hayupo.
"Mnazi mmoja," akasema.
"Umekatwa."